Katoni ya midoli kutoka China: ukague nini kabla hujaipanga rafuni?

Swali: Nina duka la vitu vya watoto Tanga. Mzigo naununua kupitia ajenti aliyeko Guangzhou, ananikusanyia katoni za mchanganyiko: midoli, magari ya rimoti, vitu vya kuwaka taa, vya sumaku, shanga. Vyote vina alama ya CE na karibu vyote vimeandikwa 3+. Mwezi uliopita mteja alirudisha mdoli unaoimba. Kifuniko cha betri kilifunguka, na mwanawe wa mwaka mmoja na nusu alikutwa ameshika betri mkononi. Nilimrudishia pesa, lakini bado ninazo dazeni mbili. Mtu asiye na maabara atajuaje kipi ni salama? Na ile CE, haitoshi?

Jibu: Dada yangu, hizo dazeni mbili zitoe rafuni leo hii, halafu ndiyo uendelee kusoma. Kifuniko kilichofunguliwa na mtoto wa umri huo si bahati mbaya ya mdoli mmoja. Wote waliomo kwenye dazeni wametoka kwenye kalibu ileile.

CE haitoshi. Kwenye vichezeo, alama hiyo huwekwa na mtengenezaji mwenyewe, akitangaza kwamba bidhaa yake inatimiza masharti ya Umoja wa Ulaya. Si muhuri wa mkaguzi wa serikali. Kiwanda makini huiweka baada ya kupima na kutunza majalada. Kiwanda kisichojali huiweka kwa sababu wino ni rahisi. Ile habari ya mitandaoni kwamba kuna CE ya pili, ya bidhaa za China zinazouzwa nje, isikupotezee muda. Alama rasmi ya namna hiyo haipo. Herufi zilizobanana zinakuonyesha tu kwamba aliyechora boksi hakujali vipimo.

Na "3+" ndiyo kinga ya uongo inayotumiwa kuliko zote. Masharti makali ya vipande vidogo yanahusu vichezeo vya watoto walio chini ya miaka 3, hivyo kiwanda kikiandika 3+ kinajiona kimekwepa. Lakini umri hauamuliwi na maandishi, unaamuliwa na kichezeo chenyewe. Kayamba la mtoto mchanga, dubu laini wa manyoya, kitu cha kung'ata meno yanapoota, bata wa kuogea: hivi ni vya watoto wadogo hata boksi likiandikwa 10+. Ukikuta kayamba lenye 3+, usimpe faida ya shaka mtengenezaji. Alijua.

Sasa ukaguzi wenyewe. Wateja wengi huogopa kwanza "sumu ya plastiki". Sumu ipo na nitaifikia, lakini madhara yake ni ya polepole. Vinavyoua kwa dakika, saa au siku chache ni betri bapa, sumaku, na kipande kinachoziba koo. Nafuu yako ni kwamba hivyo vitatu vinaonekana kwa macho, kwa bisibisi na kwa rula. Fungua kimoja cha kila aina katika katoni na ukubali kukiharibu. Ukishindwa kupoteza kimoja cha mfano, aina hiyo usiiagize.

Anza na kila kinachowaka, kinachoimba au kutoa mlio. Ndani yake mara nyingi mna betri za saa, zile bapa kama sarafu. Inayotisha zaidi ni CR2032: kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2, volti 3. Kwa upana huo hukwama kwenye umio wa mtoto mdogo. Hapo haihitaji kuvuja. Mate yanaunganisha pande zake mbili, umeme unapita, na upande wa hasi unazalisha magadi makali yanayounguza nyama kama dawa ya kuzibua masinki. Jeraha kubwa linaweza kutokea ndani ya saa 2, na linaweza kuendelea kuchimba hata baada ya betri kutolewa, hadi kufikia koromeo la hewa au mshipa mkubwa wa damu. Betri "iliyokwisha", isiyoweza tena kuwasha taa, bado ina umeme wa kutosha kufanya hivyo. Betri ndogo zaidi za AG13, ambazo pia huitwa LR44, zina volti 1.5 na upana wa milimita 11.6. Zenyewe hupita umioni kwa urahisi zaidi, lakini zikiingizwa puani au sikioni zinaunguza vilevile. Pia huwekwa tatu kwa mpigo, kwa hiyo kifuniko kimoja kikifunguka zinamwagika zote.

Kanuni ya kimataifa ya vichezeo vya umeme ni fupi: betri ya aina hii isifikiwe bila kifaa kama bisibisi, au bila kufanya mambo mawili tofauti kwa wakati mmoja. Kifuniko cha kusukuma kwa kidole gumba hakifai. Kichomeko cha plastiki kinachobofya hakifai. Penye skrubu, usiishie kuiona. Ifungue na kuifunga mara kadhaa. Kwenye midoli ya bei ya chini, skrubu huingia kwenye plastiki laini, na baada ya kubadilisha betri mara mbili tatu tundu linalegea na skrubu inazunguka bila kushika. Nzuri ni ile inayobaki imeshikwa kwenye kifuniko hata ikilegezwa, kwa sababu mzazi hawezi kuipoteza. Kisha udondoshe mdoli kwenye sakafu ya saruji kutoka kimo cha sentimita 85, mara 5, ukigeuza upande kila mara. Kipimo hicho kimo kwenye kiwango cha Ulaya cha EN 71-1, ingawa maabara hutumia bamba la chuma. Kifuniko kikiruka, au boksi la betri likipasuka, aina hiyo imeanguka mtihani.

Kwenye midoli inayoimba kuna jambo jingine ambalo wauzaji huliruka. Kikasha cha sauti hukaa ndani ya pamba na kufunguliwa kwa zipu au velkro mgongoni. Kikasha chenyewe kinaweza kuwa hakina skrubu kabisa, vipande viwili tu vilivyobanwa. Kitoe nje, ukipime kama kichezeo kinachojitegemea.

Usisahau vitu ambavyo havihesabiwi kuwa vichezeo lakini unaviuza kwenye kaunta ileile: pete za kuwaka, taa za vidole, kadi za kuimba, mishumaa ya umeme, rimoti ndogo. Vichezeo vilikuwa na kanuni ya skrubu zamani, ila vitu hivi viliachwa wazi kwa miaka. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022, iitwayo Reese's Law, kwa jina la mtoto wa miezi 18 aliyefariki mwaka 2020 baada ya kumeza betri ya rimoti. Pete za kuwaka na taa za vidole zisizo na skrubu, kwa maoni yangu, ziache kabisa. Faida yake ni ndogo mno kulinganisha na unachokiweka mkononi mwa mtoto.

Andika maelezo haya na uyaweke ukutani dukani, maana wateja watakuuliza. Mtoto akidhaniwa amemeza betri, apelekwe mara moja hospitali yenye eksirei, hata kama anacheka na kukimbia. Dalili zinaweza kuwa udenda, kukataa chakula au kikohozi, na hufananishwa na mafua. Asitapishwe, asipewe chakula wala maji. Kama ana zaidi ya miezi 12, anaweza kumeza, na betri imemezwa ndani ya saa 12 zilizopita, apewe asali vijiko viwili vya chai (mililita 10) kila dakika 10, isizidi mara 6, mkiwa njiani. Asali hupunguza makali ya kuungua, haiondoi betri. Ikiwa haipo karibu, msiisubiri. Mtoto wa chini ya mwaka asipewe asali. Daktari aambiwe wazi kwamba ni betri, kwa kuwa kwenye picha inaweza kudhaniwa ni sarafu. Betri huonyesha duara mbili, moja ndani ya nyingine.

Sumaku zinafuata. Zile zenye nguvu, za neodimiamu, ni ndogo, zinang'aa kama fedha na hubandukana kwa shida. Mtoto akimeza moja, kwa kawaida hupita. Akimeza mbili kwa nyakati tofauti, au moja na kipande cha chuma, zinavutana zikiwa kwenye mikunjo tofauti ya utumbo na kuubana katikati. Sehemu iliyobanwa hukosa damu na kutoboka. Homa na kutapika vinakuja baadaye, na wakati huo tiba ni upasuaji. Kwa hiyo seti za vipira vya sumaku vya milimita 3 au 5, zile za vipira 216 kwenye kikopo, usiziuze kwenye duka la watoto kwa umri wowote. Mwenye miaka 4 anaweza kuvila kama peremende. Mwenye miaka 12 huviweka ulimini na shavuni kuiga kipini, kisha anavimeza.

Vigae vya sumaku vya kujengea nyumba ni salama zaidi, mradi sumaku isitoke. Angalia pembe. Vilivyotengenezwa vizuri vimeunganishwa kwa joto pande zote na kuongezwa vibanio vya chuma kwenye kona, vya ovyo vimeshikwa na gundi au mstari mwembamba tu. Binya kona kwa nguvu ya vidole, kidondoshe kama nilivyoeleza juu, kisha angalia kwenye mwanga kama kuna ufa. Kikitikisika ndani kama njugu, sumaku imeshaachia. Samaki wa kuvuliwa kwa ndoano ya sumaku nao wapimwe hivyohivyo, maana sumaku yao mara nyingi imebandikwa mdomoni kwa gundi tu.

Kwa vipande vidogo unahitaji kipimo. Maabara hutumia silinda yenye upana wa ndani wa milimita 31.7, na sakafu yake imelala mshazari: kina ni milimita 25.4 upande mmoja na 57.1 upande wa pili. Ukubwa huo unakadiria mdomo na koo la mtoto wa chini ya miaka 3. Unaweza kujitengenezea kwa kipande cha bomba. Tafuta lenye tundu la ndani la milimita 32 hivi, ulipime kwa rula bila kuamini jina la dukani. Likate mshazari ili upande mfupi uwe 25 na mrefu 57, kisha uzibe sehemu ya mshazari kwa kadibodi. Kitu chochote kikiingia chote bila kusukumwa, kwa mkao wowote, ni kidogo mno kwa mtoto wa umri huo. Mipira ina kipimo chake kikali zaidi, kwa sababu kitu cha mviringo huziba koo pande zote bila kuacha upenyo wa hewa. Toboa kadibodi tundu la milimita 44.5, mpira unaopita wenyewe hauuziwi mtoto wa chini ya miaka 3.

Ila kichezeo kinavyotoka kwenye boksi si kile kitakachokuwepo baada ya wiki mbili. Ndiyo maana kuna kipimo cha kuvuta. Nunua mzani wa ndoano, ule wa kupimia mabegi ya safari. Funga uzi imara kwenye jicho la dubu, kitufe, pua, au tairi la gari, na uvute polepole hadi kilo 9, ushikilie sekunde 10. Kwa kipande kidogo kuliko milimita 6, kilo 5 zinatosha. Mishono ya mdoli wa kitambaa ivutwe hadi kilo 7. Ikifunguka na pamba ikatoka, mtoto ataila. Kabla ya kuvuta, kisokote kipande upande wa kulia na wa kushoto, kama mtoto anavyofanya. Macho yaliyobandikwa kwa gundi hung'oka kwenye kilo 2 au 3. Yale yenye mguu unaopenya kitambaa na kufungwa kwa pete nyuma huvumilia. Ukishaujua mfumo huo, siku nyingine utaupapasa kwa kidole bila mzani.

Maputo hayapimwi kwa silinda, na hapo ndipo watu hudanganyika. Puto lisilopulizwa, au kipande cha lililopasuka, hujikunja na kujibandika kooni, na pigo la mgongoni halilitoi kwa urahisi. Lebo za Marekani huonya kwa watoto wote walio chini ya miaka 8, si 3. Pakiti za maputo ziuze, lakini zikae juu, mbali na mkono wa mtoto, na umwambie mnunuzi aokote vipande.

Zile shanga za maji, vipunje vidogo vinavyovimba vikilowekwa, naona ni bora uziache. Mtoto humeza kipunje kikavu chenye ukubwa wa punje ya pilipili manga, nacho huvimba tumboni na kuziba utumbo. Eksirei ya kawaida mara nyingi haivionyeshi, kwa hiyo daktari anatafuta asichokiona. Bunduki za kuchezea zinazorusha vipunje hivyo zina shida hiyo pamoja na ya macho.

Kamba nitazipita haraka. Kwenye kichezeo cha mtoto wa chini ya miaka 3, kamba isizidi sentimita 22 ikinyooshwa. Simu na gitaa za kuvaa shingoni ndizo zinazokiuka zaidi. Mifuko laini ya nailoni iliyofunika vitu vikubwa itoe dukani kabla mteja hajabeba.

Magari ya rimoti yanahitaji maneno zaidi. Mengi ya bei ya chini huja na betri ya lithiamu ya volti 3.7 aina ya 14500, yenye umbo sawasawa na betri ya kawaida ya AA, pamoja na waya wa USB wa kuchajia. Betri hiyo inatakiwa iachwe kuchajiwa inapofika volti 4.2, ilhali USB inatoa volti 5. Lazima kuwe na sakiti ya kukata, ama kwenye waya, ama kwenye gari, ama ndani ya betri. Kwenye mzigo mbaya haipo popote. Chaji moja ya mfano ukiwa umekaa karibu, juu ya sakafu ya saruji. Baada ya dakika 30, na tena baada ya saa moja, iguse. Uvuguvugu ni kawaida. Ikikuunguza, ikivimba au ikitoa harufu tamu kama ya rangi ya kucha, ichomoe na uikatae aina hiyo. Hatari nyingine ni mzazi kuchukua betri tatu za 14500 na kuziweka kwenye kichezeo cha AA tatu. Badala ya volti 4.5 kinapata 11.1, na nyaya zinaungua. Mwambie mnunuzi, na mkumbushe asichaji usiku watu wamelala.

Sasa sumu. Hapa macho yako hayatoshi, na usikubali mtu akuambie harufu inatosha. Madini ya risasi hutumika kwenye rangi, hasa za njano, machungwa na nyekundu, na hayana harufu wala ladha ya kutisha. Hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto. Marekani huruhusu sehemu 90 tu kwa milioni kwenye rangi ya kichezeo. Hatari kubwa ni rangi iliyopakwa juu ya mbao, chuma au plastiki, kwa sababu hubanduka na kuliwa. Kwaruza kwa ukucha, kisha sugua kwa kitambaa cheupe chenye maji. Rangi ikitoka, usikiuze. Isipotoka, haina maana kwamba risasi haimo. Ina maana tu kwamba haitatoka leo. Kichezeo ambacho rangi imo ndani ya plastiki yenyewe, ukikikata unakuta rangi moja hadi katikati, kina njia chache zaidi za kumfikisha mtoto kwenye sumu.

Fthalati ni mafuta ya kulainishia plastiki ya PVC, na baadhi yake huvuruga homoni. Yamo kwenye midoli ya kichwa laini, bata wa kuogea, maboya na wanyama wa mpira wanaonata kidogo. Ulaya na Marekani zimeweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa yale yanayohofiwa. Kuijua PVC kuna kipimo cha zamani: nje ya nyumba, pasha waya wa shaba kwenye moto hadi moto usibadilike rangi, uguse plastiki, urudishe motoni. Mwali wa kijani ni klorini, na kwa vichezeo klorini maana yake karibu kila mara ni PVC. Fanya kwa kipande kidogo na usivute moshi. Kipimo hiki hakikuambii kama fthalati zimo, ila kinakuambia wapi udai karatasi. Kwa vitu vya kutiwa mdomoni, agiza vya silikoni, polipropilini au ABS, na PVC uikwepe.

Karatasi zenyewe zisome hivi. Ripoti ya maabara inahusu sampuli iliyopelekwa, si katoni zako. Dai ripoti yenye picha ya kichezeo chako hasa, namba ya modeli inayolingana na ya boksi, tarehe, na vipimo vya EN 71-1 (uimara na vipande), 71-2 (kushika moto) na 71-3 (metali zenye sumu), au ISO 8124, kiwango cha kimataifa. Kisha hakiki namba ya ripoti kwenye tovuti ya maabara iliyotajwa. Kwa ajenti wa katoni mchanganyiko, ripoti ya kichezeo cha mtu mwingine ni jambo la kawaida. Hata ripoti ya kweli ina mwisho wake. Agosti 2007 kampuni ya Fisher-Price, tawi la Mattel, ilirudisha takriban vichezeo 967,000 Marekani pekee kwa sababu ya rangi yenye risasi iliyopakwa na kiwanda cha China. Novemba mwaka huohuo zikarudishwa shanga za kunata kwa maji zilizouzwa kwa majina ya Aqua Dots na Bindeez. Kiambato kimoja kilikuwa kimebadilishwa na kingine, na kilipomezwa kiligeuka mwilini kuwa dawa ya usingizi aina ya GHB, watoto wakazimia. Mabadiliko ya namna hii hufanyika baada ya sampuli kupita.

Kwa upande wa sheria, Tanzania imekuwa na utaratibu wa PVoC wa TBS, shirika la viwango, tangu 2012, na Kenya kupitia KEBS, shirika lake la viwango, tangu 2005: mzigo unakaguliwa kabla ya kusafirishwa na kupewa cheti cha ulinganifu, CoC. Ajenti akikuambia cheti kipo, kione. Kinapaswa kutaja vichezeo vyako kwa jina na idadi. Kama kinataja bidhaa za jirani zako wa kontena na si zako, basi wewe huna cheti.

Agizo lijalo mwandikie ajenti kabla hajalipa: hakuna vipira vya sumaku, hakuna shanga za maji, betri bapa zote zifungwe kwa skrubu, na atume video ya kifuniko kikifunguliwa kwa bisibisi. Katoni mchanganyiko zipunguze. Aina 8 unazozijua modeli zake ni rahisi kukagua kuliko 40 usizoweza kuzifuatilia. Kwenye daftari andika modeli, tarehe na katoni, pamoja na namba za simu za wanunuzi wa vitu vya betri watakaokubali, ili tatizo likitokea upige simu.

Na zile dazeni mbili: usizipunguze bei, usizigawe bure kwenye kituo cha watoto. Toa betri zote, kila moja uizungushie selotepu pande zote mbili peke yake, kwa sababu zikigusana kwenye mfuko mmoja hupata moto. Ziweke kwenye chupa yenye kifuniko kigumu, mbali na watoto, mpaka upate fundi au duka la elektroniki linalozipokea. Midoli yenyewe ipasue kabla ya kuitupa, maana midoli mizima jalalani huokotwa.